Majani kabla ya mvua

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ndo tumerudi juzi usiku kutoka Manyovu kwa wakwe, mgongo bado unauma, maana kutoka hapa Tabora mpaka kule ni siku nzima barabarani na Noah ya kuazima, watu saba na kuku mmoja. Sitaandika mengi ila kuna kitu nimekiona njiani kimekataa kutoka kichwani.

Mwezi wa tisa huku kwetu mnaujua, vumbi, joto, miombo imepukutisha majani imebaki mifupa tu. Tukapita Urambo, Kaliua, tukavuka Malagarasi pale darajani, watoto wamelala. Kukaribia Uvinza vilima vikaanza na kitindamimba wetu akaamka anapiga kelele, mama, msitu unaungua! Na kweli ukiangalia, mlima mzima mwekundu. Baba yao akapunguza mwendo, kumbe sio moto, ni majani machanga, mengine rangi ya shaba mengine kama chai ya rangi, na mvua haijadondoka hata tone.

Mi nimekulia kwenye miombo, nimekula asali yake, na tuseme ukweli sisi watu wa tumbaku ndo tunaikata kupata kuni za kukaushia, lakini sijawahi kujiuliza inachipuaje kiangazi. Baba watoto ndo akanieleza kwamba mizizi inaenda chini sana na mti wenyewe unakuwa umetunza maji ya mvua zilizopita, kwahiyo haungoji mawingu, unachipua wiki kadhaa kabla, mvua ikija inakuta majani yapo.

Nikanyamaza. Hali yetu mnaijua, malipo ya tumbaku bado, ada ya mtoto inadaiwa, na mi kila nikipiga magoti naomba hivi, Bwana ukileta hela ntakushukuru. Ukileta! Yaani hata shukrani nayo inasubiri mawingu.

Na vile tulikuwa ndani ya Noah (mtanisamehe, nilicheka mwenyewe) nikakumbuka Waebrania 11:7, Nuhu kaonywa mambo ambayo hayajaonekana bado, akaanza kuunda safina. Sisi tunapenda kuhubiri zile siku 40 za mvua, muda wote aliokaa na mbao juani tunauruka. Nguvu alitoa wapi? Rudi Mwanzo 6:9, kabla safina haijatajwa kabisa, imeandikwa alikuwa anaenda pamoja na Mungu. Mi naona hayo ndo yalikuwa maji yake ya chini.

Mwandiga tukaanza kupanda kuelekea Kalinzi, kona juu ya kona, huku migomba huku kahawa, masikio yanaziba, baridi hiyo watoto wa Tabora wakaanza kugombania kitenge changu. Kufika, mama mkwe tunamkuta shambani jioni ile, anafukia maharage kwenye udongo mkavu kabisa. Nikamwamkia, nikamuuliza mama, si usubiri inyeshe kwanza? Akanitazama kama mtoto. "Sasa mkwe wangu, mvua ifike mi bado natafuta jembe?"

Usiku ule nikashindwa kuomba hela. Nikawa nakumbuka tu. Mwaka ule mtoto kalazwa malaria na hatuna hata nauli akarudi mzima. Upepo ulipoezua paa na nyie wenyewe mkaja na mabati, wengine mlikuwa hata hamtujui vizuri. Ule msimu mvua ilikata mapema na bado tukala mpaka mwezi wa tatu. Saa saba usiku sijamaliza, mwenzangu anakoroma.

Mpaka naandika hapa hela haijaingia, na mawingu hakuna. Leo asubuhi baba watoto kachukua jembe na kikombe cha maharage aliyopewa na mama yake, nikamuuliza na jua hili unaenda wapi, akacheka tu akatoka.