Nilivyorudisha nyasi kwenye ekari 2 zilizokuwa tupu Kibwezi

Ekari 2 nilizorithi Kibwezi, kaunti ya Makueni, zilikuwa zimeshikamana kama sakafu, hata mvua iliponyesha maji yalipita juu kwa juu hadi korongoni. Nilipanda mahindi, nikaambulia mabua. Msimu uliofuata nilipanda nyasi ya asili ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris, na hapo pia nikakosea, kwa kuwa mbegu zilikuwa zimevunwa majuzi tu, ilhali huhitaji kukaa ghalani kwa miezi kadhaa ndipo ziote vizuri, tena nilizifukia kwa kina cha mahindi. Hazikuota.

Kabla ya mvua za Oktoba zilizofuata nilichimba makinga maji ya nusu mwezi, midomo yake ikielekea juu ya mteremko, nikatawanya mbegu zilizokaa mwaka mzima na kukokota tawi la mgunga juu yake ili zifunikwe kidogo tu.

Ukame uliporudi nilidhani nyasi zilizoota zimekufa. Saa saba mchana kila jani lilikuwa limejikunja mfano wa sindano ya kushonea magunia. Nilipolikunjua moja kwa kucha, ndani lilikuwa bado la kijani, na jioni yaliyobaki yalifunguka yenyewe. Kwa kujikunja hivyo jani hupunguza sehemu inayopigwa na jua na upepo. Aidha, nyasi hii ni ya kundi la C4: huirundika hewa ya ukaa katika seli zinazozunguka mishipa ya jani, hivyo hujitengenezea chakula hata vitundu vyake vya kupumulia vikiwa vimefunguka kidogo, bila kupoteza maji mengi.

Lakini mahindi nayo ni C4, jambo lililonisumbua sana. Tofauti niliyoiona ni kwamba mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, msimu umekwisha, ilhali nyasi husitisha ukuaji, ikaacha majani yakauke na kuhifadhi uhai shinani. Nilifukua shina moja. Mkono ulizama hadi begani na mizizi ilikuwa bado inaendelea chini.

Tangu hapo siruhusu mbuzi wale zaidi ya nusu ya majani, maana yakikatwa kupita kiasi mizizi huacha kukua. Nyingine naikata kwa mundu, nikiacha kimo cha kiganja, huku mbuzi wakinililia nje ya ua.