Bata walikuja nilipoacha kulisafisha bwawa

Kwa misimu miwili bata walipita juu ya kichwa changu tu. Jua likishazama, nilisikia kwanza mluzi wao, fii-fii-fiu, halafu kundi lenyewe linapita, shingo zimenyooka mbele, miguu imevuka mkia kwa nyuma. Walikuwa wanaenda dembo la chini, bonde la nyasi na majimaji, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwangu, kula usiku kucha. Bwawa langu hawakuligeukia hata siku moja, na mimi nililichimba nikiwa nawafikiria wao.

Kusema "nililichimba" ni kujisifu. Shamba liko nje ya Lubumbashi, upande wa Kipopo, na shimo lilikuwepo tayari. Kwetu kichuguu kirefu hakikai salama: fundi matofali akikiona, anaona nyumba. Walishakula vichuguu vitatu, wakaacha shimo la kama mita 60 kwa 35, na katikati kisiki cha kichuguu cha nne. Nilikiacha kwa sababu pesa ya kukibomoa ilikuwa imeisha. Udongo uliobaki tulimwaga chini ya shimo, tukautwanga kwa magogo kama sakafu ya nyumba ya kijijini, na maji yakashika. Udongo wa kichuguu haunywi maji ovyo.

Kisha nikaharibu kila kitu kwa usafi. Nilitaka bwawa kama la hoteli. Kingo zilisimama wima, maji kifuani tangu hatua ya kwanza. Matete niling'oa, nyasi zikafyekwa kila wiki, na pembeni nikapanda maua. Ili kuwaita bata, nikamwaga pumba za mahindi ufukweni. Wakaja njiwa. Baada ya njiwa wakaja panya, na baada ya panya akaja nyoka. Mdogo wangu alipomwona alicheka mpaka akakaa chini: "Yaya, dada yangu, sasa unafuga nyoka?"

Aliyenifungua macho ni mzee anayetega migono ya samaki kule dembo. Alizunguka bwawa langu lote, mikono nyuma, kisha akaniuliza, "Mama, bata akiinamisha kichwa hapa, mdomo wake utafika wapi?" Nikamjibu kwamba bata anaogelea. "Anaogelea, ndiyo. Lakini anakula wapi?"

Kesho yake nikamfuata dembo. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, mahali pengine ya nusu muundi. Nyasi zimetoka nje, mbegu zimelowa, tope laini, konokono wadogo kila mahali. Viatu vyangu vilibaki huko, lakini nilielewa. Bata wale si wapiga mbizi wakubwa. Wanataka mahali pa kusimama wakachuja mbegu na wadudu, mahali pa kutazama mbali, na kitu cha kujifichia. Mimi nilikuwa nimewajengea bafu.

Mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kikali, tukaanza upya. Nilifungua tuyo, bomba la kutolea maji, kidogo kidogo kwa siku kumi. Usifungue yote kwa mara moja: samaki watajazana kwenye tope na kufa kabla hujapata mnunuzi. Tilapia wengi niliuza siku hizo hizo. Vijana sita wakaukata ukingo wa kaskazini kwa majembe mpaka ukalala: ukitembea mita nne, unashuka nusu mita tu. Kando nyingine tuliziacha wima, kwa ajili ya samaki. Tope lililobaki wazi sikulipanda kitu. Wageni walikuwa wanasikitika kimoyomoyo, nawaona. Bwawa la Mama limekufa.

Mvua za kwanza zilipogusa tope lile mwishoni mwa mwezi wa kumi, lilikuwa kijani ndani ya wiki mbili. Mbegu zilikuwa zimelala humo zikisubiri hewa na jua. Niliziacha zikue na kuzaa. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili nikafunga tuyo, maji yakapanda taratibu na kuingia kati ya nyasi.

Usiku mmoja wa wiki hiyo zamu, mlinzi wangu, alinigongea mlango, tochi mkononi, panga chini ya kwapa. "Mama, kuna watu wanapigiana mluzi bwawani." Tulikaa gizani tukisikiliza wezi wetu. Asubuhi niliwahesabu: 14.

Kwa karibu ni ndege wa ajabu. Uso mweupe mpaka nyuma ya macho, kama mtu aliyeanguka kifudifudi kwenye unga wa bukari, kisogo cheusi, shingo ya rangi ya kahawia nyekundu, ubavu una mistari midogo. Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho. Wanasimama wima kwenye tope, wawili wawili, mmoja akimchambua mwenzake manyoya ya shingo kwa mdomo, polepole, kama wasichana wanaosukana barazani. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa.

Samaki ndio waliniletea kesi. Hapa Kipopo Wabelgiji walikuwa na kituo cha utafiti wa samaki, na mojawapo ya tilapia waliowashughulikia ni yule anayekula majani. Huyo ndiye niliyekuwa naye mimi, na alimaliza nyasi changa kabla hazijazaa. Ilinibidi nipunguze idadi yake, nikubali kipato kidogo. Na bata hawakuja peke yao: mnandi alikuja, mdiria akaja, koikoi akasimama kila asubuhi pale pale kama askari. Hawa ni wala samaki, na vifaranga vya tilapia kwao ni karanga.

Nikatandaza wavu wa uvuvi juu ya kibwawa cha vifaranga, umelegea kama kamba ya nguo. Siku ya tatu nilimkuta mdiria ananing'inia humo, yule mdogo wa bluu mwenye mdomo mwekundu, uzi umemkata bawa. Alikuwa bado wa moto mkononi. Niliuondoa wavu ule siku hiyo hiyo. Sasa nina wavu wa matundu madogo sana, mnene wa kuonekana, umevutwa mpaka unalia ukiugonga kwa kidole, na ndege hanasi. Bwawa kubwa nimewaachia samaki wakubwa. Mnandi akila wachache, ni kodi yangu.

Kiota cha kwanza kilikuwa kwenye majani juu ya kile kisiki cha kichuguu. Kisiwa kinazuia mbwa na watoto. Hakizuii kenge, maana kenge anaogelea kuliko bata. Alikula mayai yote, tukabaki na maganda. Zamu alitaka kumuua. Nikakataa, kwa kuwa tangu kenge ahamie panya wamepungua sana. Mwaka uliofuata bata walitaga mbali na maji, ndani ya nyasi nilizokataza zisifyekwe, wakatokea ufukweni na vifaranga tisa. Baada ya siku nne walikuwa watano. Nilimshuku kenge, nikamshuku tai. Kisha nikaona mwenyewe: kifaranga cha mwisho kwenye mstari, maji yanafumba, hayupo. Kambale. Wawili niliowatia miaka miwili nyuma kwa ajili ya mboga walikuwa wamenenepa kama paja. Kiangazi kile maji yaliposhuka niliwatoa wote, na mboga ilikuwa nzuri.

Majirani walilalamikia mbu, na walikuwa na haki: maji ya kina kifupi yenye nyasi ni nyumba ya mbu. Tilapia wachanga wanaoingia kwenye nyasi hula viluwiluwi vya mbu, ila hawavimalizi, kwa hiyo tunaukata mfereji unaoelekea kwao usituame. Watoto wenye manati niliwaita wahesabu bata kila Jumamosi, na siku ya kuvua kila mmoja anaondoka na samaki wake. Mtu mzima aliyekuja na bunduki hakuitwa kuhesabu. Aliondoka na maneno yangu. Na kila mwezi wa saba, kabla watu hawajaanza kuchoma pori, tunasafisha ukanda wa mita tano kuzunguka matete. Mwaka wa kwanza hatukufanya hivyo, moto ukala yote mchana mmoja.

Mayungiyungi yamefunika karibu theluthi ya maji sasa. Nilitaka kuyapunguza, mpaka mwaka jana wakaja bata wawili wadogo kabisa, mdomo wa dume wa manjano kama ndizi, wakawa wanakula mbegu zake. Kwa hiyo nitayaacha upande wa kisiki, na kuyavuta kwa reki upande wa tuyo, ambako yanaziba. Tuyo yenyewe nitaifungua wiki mbili mapema mwaka huu, matete ya magharibi yamezidi. Zamu ameshanoa panga.