Wageni wa saa mbili usiku, nami nina homa

Nyumba yetu ipo Nzuguni, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Stendi Kuu ya Nanenane, na kila anayeishi karibu na stendi anajua maana yake: basi la ndugu likichelewa, kwako ndiko kulala. Kwa kawaida jambo hilo hunifurahisha. Mwezi Juni lilinikuta nikiwa kitandani.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tabora, ambako malaria ni nyingi kuliko huku kwetu Dodoma, na Jumamosi hiyo asubuhi kipimo kikaonyesha kwamba ninayo. Nikapewa dawa mseto, vidonge 24 vya siku tatu, na maelekezo kwamba vinne vya pili nivimeze baada ya saa 8 tangu vile vya kwanza, tena baada ya kula, kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikiambatana na chakula chenye mafuta au maziwa. Vya kwanza nilivimeza saa saba mchana, hivyo vya pili vilikuwa vya saa tatu usiku. Mume wangu alikuwa safarini, na mtoto wetu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa akiniletea maji.

Saa mbili na robo nikasikia hodi. Binamu wa marehemu baba, ambaye kwetu ni baba mdogo, alisimama barazani na mkewe, kijana mmoja aliyebeba kikapu, na bibi mzee ambaye sikumtambua. Walikuwa wakitoka msibani Singida kurejea Mpwapwa, basi likaharibika njiani, wakakosa gari la kuunganisha. Walinipigia mara kadhaa, lakini simu nilikuwa nimeizima ili nilale.

"Mbukwenyi," nikawasalimia. Mama mdogo aliponijulia hali, nikajibu, "Nzuri tu, mama, karibuni ndani."

Jibu hilo ndilo ninalolijutia. Nililitoa kwa sababu nimelelewa hivyo: mgeni haambiwi njaa, deni wala ugonjwa wa nyumba kabla hajanywa maji, na mgeni ambaye hamjaonana tangu mazishi ya baba ndiye kabisa hutaki akasimulie huko aendako kwamba alikukuta umelala. Basi nikavaa sweta, nikajifunga khanga kiunoni, nikawasha jiko la mkaa, nikaanza kusuuza sahani kwa maji ya kwenye pipa, maana ilikuwa siku ya mgao. Saa tatu ilipofika nikameza vidonge vyangu nikiwa nimesimama pale pale jikoni, kwa maji matupu, wakati tangu mchana sikuwa nimetia kitu tumboni. Hazikupita dakika kumi nikawa nje, nimeushika mpapai kwa mikono miwili, na kwa mwanga wa taa ya uani nikaviona vidonge vyote vinne, vya njano, juu ya mchanga.

Bibi alinikuta hapo. Hakuuliza kitu, aliniwekea mgongo wa kiganja shingoni, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, unaungua namna hii halafu unatupikia sisi?"

Kuanzia hapo nyumba ikawa mikononi mwao. Kijana alitumwa duka la dawa, akarudi na vidonge vingine na neno la muuzaji kwamba dawa ikitapikwa kabla ya nusu saa kupita, kipimo hicho hurudiwa. Ndani ya kikapu kulikuwa na kuku wa Singida waliyekuwa wakimpeleka nyumbani. Mama mdogo alimchinjisha usiku ule ule, nikapewa supu ya vuguvugu kidogo kidogo hadi tumbo likatulia, ndipo nikameza. Baba mdogo alifunga vyandarua, akahakikisha kila mtu amelala chini ya chandarua. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," bibi alisema akinifunika blanketi, na nilitamani kulia kwa jinsi nilivyokaribia kuwanyima nafasi hiyo.

Safari yao waliiahirisha hadi Jumatatu. Jumapili, bibi akiukoroga mlenda polepole huku nikiwa nimekaa kwenye mkeka karibu naye, ndipo nilipojua kwamba ni dada yake babu, kitinda mimba wa nyumba yao, na kwamba baba yangu alibebwa mgongoni mwake. Ningeendelea kujifanya mzima, ningekuwa nikizunguka na masinia na mtu huyo angeondoka alfajiri bila mimi kumjua.

Sasa nimeamua kwamba ukweli nitausema mlangoni, mara tu baada ya salamu: karibuni sana, mimi naumwa, dawa nimeanza leo, jiko lile pale na unga uko kwenye ndoo ya bluu. Kama ni ugonjwa wa kuambukizana, kwa mfano kikohozi kikali, nitausema kabla hawajavuka kizingiti, na nitamwomba jirani awalaze. Sidhani kwamba ndugu wa kweli hukasirikia hilo. Kinachomuumiza ni kugundua baadaye kwamba alikula jasho la mgonjwa.

Jumatatu mchana simu ililia, ni bibi, wameshafika Mpwapwa. Akaniuliza hali. Nikamwambia kwamba kichefuchefu kimeisha, magoti bado yanatetemeka, na vidonge vya mwisho ni vya jioni hii.