Vipande vitupu kwenye stempu: nivikate au niviache?

Siku ya 1
Leo nimefungua ile bahasha nene niliyoikwepa kwa miaka. Ndani mna stempu ambazo bado zimeshikana na pambizo ya shiti, yaani ukingo wa ile karatasi nzima ambamo stempu huchapwa nyingi pamoja, au na kipande cheupe kisicho na bei wala picha. Haziingii kwenye mifuko ya albamu, ndiyo maana nikazitenga. Nimehesabu 143. Swali ninalotaka kulimaliza safari hii: je, vipande hivi vina thamani yoyote, au nipitishe mkasi?

Siku ya 2
Mkasi nimeufungia kabatini, na sababu ninayo. Nilipokuwa mdogo nilichana vipande vya chini vya stempu zangu za Israeli ili zilingane na nyingine kwenye ukurasa. Tangu seti ya kwanza ya 1948, stempu za Israeli za safu ya chini ya shiti huwa na kipande chenye maandishi, na katika seti hiyo ya kwanza, stempu yenye kipande na isiyo nacho zinapishana bei kama mbingu na ardhi. Zangu ni za miaka ya baadaye, kwa hiyo hasara si kubwa. Hata hivyo leo nimeziangalia kwa lenzi na roho imeniuma. Meno ya chini, yale yanayoachwa na vitundu vya kuchania, hayalingani, moja limekatika kabisa, na mahali nilipovuta bado zimesimama nyuzi nyeupe za karatasi. Ni kazi ya vidole vyangu.

Siku ya 4
Nimezigawa: 97 zina pambizo nyeupe tupu, 31 zina namba au maandishi pembeni, 15 zimeshikana na kipande kitupu.

Nianze na zile 97. Kwa stempu za kawaida, pambizo tupu haiongezi bei, na anayekuuzia kwa bei ya juu kwa sababu hiyo peke yake anakupunja. Lakini haina maana kwamba haifai kitu. Inakinga meno ya upande mmoja, na inakupa pa kushikia kwa kibano bila kugusa stempu yenyewe. Wakusanyaji wa zamani walikuwa na busara moja: kile kikaratasi chenye gundi cha kushikizia stempu kwenye albamu walikibandika kwenye pambizo, gundi ya stempu ikabaki safi. Saba kati ya zangu zimetunzwa hivyo. Nikizigeuza, kovu liko kwenye pambizo tu, na nyuma ya stempu gundi inang'aa kama imetoka posta jana. Ningekata pambizo zile, ningepoteza ushahidi huo.

Wengine walikata pambizo zenyewe na kuzitumia kubandikia stempu nyingine, maana zina gundi tayari. Ndiyo sababu moja ya pambizo za stempu za kale kuwa adimu.

Siku ya 5
Zile 31 zimeenda haraka. Namba ya bamba la kuchapia ina wapenzi wake, basi haiguswi. Mfano mkubwa ni stempu ya Marekani ya senti 24 ya 1918, ile yenye ndege iliyochapwa kichwa chini. Shiti lenye kosa hilo lililowahi kuuzwa posta lilikuwa moja, la stempu 100, na kundi la stempu nne lenye namba 8493 pembeni liko moja tu duniani. Mwaka 2005 lilinunuliwa kwa karibu dola milioni 3.

Siku ya 8
Hizi 15 ndizo zilizonikesha. Kwa nini mchapaji aache nafasi tupu katikati ya stempu?

Jibu mara nyingi ni hesabu. Austria ilipotoa stempu zake za kwanza mwaka 1850, kila kundi kwenye shiti lilikuwa na nafasi 64: stempu 60, na nne zilizobaki zikachapwa msalaba wa X. Gulden moja, pesa ya Austria ya wakati huo, ilikuwa na senti zake, kreuzer, 60, kwa hiyo bei ya kundi zima ilitoka kamili bila chenji. X iliyoshikana na stempu ya toleo hilo ni kitu adimu sana.

Uingereza nayo ilikuwa na kijitabu cha stempu kilichouzwa shilingi 2 na nusu peni, ile nusu peni ikiwa gharama ya kijitabu chenyewe. Mwaka 1906 wakaondoa usumbufu huo: nafasi moja ya stempu ya nusu peni ikachapwa X, na kijitabu kikauzwa shilingi 2 kamili. Kipande kile "kitupu" ndicho kilicholipia kijitabu.

Kwa hiyo nimepata kipimo changu. Kipande kilichopangwa tangu mwanzo kuwa sehemu ya shiti au kijitabu kina thamani kikiwa kimeshikana na stempu yake. Kikichanika, ni karatasi.

Siku ya 9
Tisa kati ya zile 15 ni jozi za Uingereza zenye ukanda mtupu katikati. Mtindo wa kuzikusanya ulivuma kuanzia 1972, watu wakaziweka kwa wingi mno, hivyo bei yake ni ya chini. Zinabaki nzima vilevile.

Moja imenitia shaka. Nimeiweka kwenye mwanga: upande wa kushoto, vitundu vya ukanda havikutani na vya stempu, na nyuma kuna doa la gundi ya rangi nyingine. Mtu aliiunganisha. Nimeiandikia kwa penseli kwenye karatasi yake: "imeungwa".

Siku ya 12
Mifuko mirefu imefika. Nimeshaingiza 60. Zile za Israeli nilizozichana nimezipa ukurasa wa kwanza.