Unga wa KD-14

Mwaka 2019 nilikuwa mwaka wa tatu wa PhD, mume yuko kazini Mwanza, mimi niko Morogoro na mtoto wa miaka mitatu, halafu bado nina kozi mbili za kufundisha na rundo la mitihani ya kusahihisha, maana sisi wa vyuoni bila PhD unabaki mhadhiri msaidizi mpaka wanafunzi wako wakupite. Dada wa kazi alienda kwao Idi hakurudi, simu hapokei. Ndiyo mama mkwe akapanda basi kutoka Kondoa kuja kuniokoa.

Nilikuwa nasomea sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu, kwenye mahindi. Mnakumbuka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye hiyo sumu, basi mimi nikaingia hapo hapo, nikazunguka kaya za Kondoa na Chemba nakusanya mahindi, nasaga, kila sampo nagawa mara mbili, nusu ya kupima, nusu akiba kwenye kifuko chenye namba yake. Sasa umeme wa maabara ulikuwa unakatika kila siku, nikaona ile akiba bora nikae nayo nyumbani, chini kabisa ya friza, chini ya samaki. Msinifundishe, najua.

Siku hiyo nilitoka kwa supavaiza saa moja usiku, kaniambia sura ya tatu yote nirudie. Nafungua geti naona kwenye kamba ya nguo, katikati ya kanga ya mama na vichupi vya Nasra, vifuko viwili vya zipu vimeoshwa vizuri, vimebanwa na vibanio, vinachuruzika maji. Nikamulika tochi ya simu. Makapeni haikutoka. KD-14. CH-03.

Hata shikamoo sikutoa. "Mama, unga wa hivi vifuko uko wapi?"

"Si ule uliousahau kwenye friji mwanangu, umeganda huko chini. Mmoja nimempikia Nasra uji, kanywa vikombe viwili. Ule mwingine ulikuwa unanuka, nikawapa bata wa jirani."

"Upi ulikuwa upi?"

"Unga ni unga, mama Nasra."

Nikasema, na nilisema kwa sauti ya juu, "Umemlisha mwanangu sumu!" Mama wa watu aliyesafiri kutwa nzima kuja kunisaidia. Hakujibu. Akakaa kwenye kigoda, akafungua kanga, akaifunga tena, akafungua, akaifunga.

Usiku ule sikulala. Kila saa namulika macho ya Nasra kama yamegeuka njano, naye ananisukuma mkono anaendelea kukoroma. Ile akili ya darasani inaniambia vikombe viwili haviwezi kufanya kitu labda unga uwe umeoza kabisa, ila akili ya mama haijasoma PhD. Nikawaza wale bata. Bata na bata mzinga ndiyo wepesi wa kudhurika kuliko ndege wengine wa kufugwa, sumukuvu yenyewe ilikuja kujulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, kumbe ni chakula chao cha karanga. Kulipokucha nikaenda kuchungulia ukutani kwa jirani. Saba. Jioni saba. Kesho yake saba. Jirani akanishtukia, akaniuliza nataka wa kuchinja au wa kufuga.

Mama alikaa siku tatu tu, akasema ana mahindi yake yanamsubiri. Stendi nilimwomba msamaha, akasema yameisha, ila alikuwa anaangalia dirishani.

Wiki tatu baadaye majibu ya zile nusu za maabara yakatoka. KD-14 ilikuwa chini ya ile kumi, kikomo tunachotumia Afrika Mashariki, mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. CH-03 ilikuwa imeipita mbali sana. Sasa Nasra alikunywa ipi? Sumukuvu haina harufu wala ladha, kinachonuka ni ukungu, na mahindi yasiyonuka nayo yanaweza kuwa nayo, kwa hiyo ukiniuliza kitaalamu mpaka leo sijui.

Nikampigia. Nikamweleza yote, harufu, ukungu, kumi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo unasomea unga unaonuka?"

"Hapana mama, ndiyo nakwambia, usionuka pia."

Akanyamaza kidogo, nasikia kuku nyuma yake. "Na haya niliyoanika hapa uani je?"

"Umeyaanika juu ya nini?"

"Chini. Juu ya nini tena?"

Jioni ile ile nikaenda sokoni nikanunua maturubai mawili, nikayatuma na basi la asubuhi. Mitihani ilibaki mezani.