Kuhamisha sauti za wazee wa reli: kumbukumbu ya mradi wangu, Tororo

Jumamosi asubuhi

Kompyuta niliyoinunua Kampala mwanzoni mwa likizo imekaa mezani wiki mbili bila kuguswa, kwa sababu niliogopa kuianza kazi ambayo huenda nisipate nafasi ya kuirudia. Ile ya zamani bado inawaka, lakini inatumia Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutolea masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na tangu mwezi uliopita diski yake hutoa mlio wa kugonga kila ninapofungua folda kubwa. Humo ndimo zilimo rekodi 43 za wazee wa hapa Tororo waliofanya kazi katika reli, baadhi yao tangu kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kiswahili chao ni kile cha stesheni na karakana, kilichowawezesha Mjapadhola, Mteso, Mganda na Mluo kufanya kazi zamu moja, na sijakikuta katika kitabu chochote cha kiada ninachofundishia. Wazee kumi na mmoja kati yao wamekwisha kufariki.

Fundi wa karibu na soko alinishauri tunakili diski nzima kama ilivyo. Nilimshukuru, lakini sikukubali, kwa kuwa mfumo wa zamani uliozoea vifaa vya mashine ya zamani haungekuwa na maana ndani ya mashine mpya. Shauri lake la pili nililichukua bila kusita: "Mwalimu, diski ikishaanza kugonga, usiandike kitu juu yake wala usiichunguze ovyo, toa mali yako kwanza." Kwa hiyo sitafuta chochote, sitapanga upya folda yoyote, na sitaiamuru Windows ikarabati diski hiyo hadi kila kitu kiwe kimetoka.

Jumamosi usiku

Jumla ya vitu vya kuhamisha ni gigabaiti 118. Rekodi zenyewe ni gigabaiti 24 tu, lakini zina faili zaidi ya 26,000, na jambo hilo linahitaji maelezo. Nilizirekodi kwa Audacity ya miaka ile, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ambayo haikuhifadhi mazungumzo katika faili moja. Kila mradi ulikuwa na faili ndogo yenye kiambishi .aup, ambayo ni kama ramani, na pembeni yake folda yenye jina lilelile likimalizikia kwa neno _data, ambamo sauti ilikatwa vipande vya takriban megabaiti moja kila kimoja. Mtu akiichukua ramani akaacha folda, au akalibadilisha jina la kimojawapo kwa nia njema ya kupanga vizuri, mradi haufunguki ipasavyo. Nimeona watu wakipoteza kazi zao kwa namna hii, wakidhani kwamba wamezinakili.

Nilijaribu kwanza flashi yangu kubwa, nayo ikaikataa video ya mkutano wa wastaafu kwa sababu flashi yenyewe ilikuwa imeandaliwa kwa FAT32, mpangilio usiopokea faili moja inayofikia gigabaiti nne. Nikahamia kwenye diski ya nje yenye mpangilio wa NTFS, usio na kikomo hicho. Badala ya kuburuta folda kwa kipanya nilitumia Robocopy, amri ambayo imo tayari ndani ya Windows 7, kwa kuwa huandika kumbukumbu ya kila faili iliyopita na iliyokwama, na ikikatizwa huendelea na zilizosalia bila kuanza upya. Niliiacha ikifanya kazi nikaenda kulala.

Jumapili

Asubuhi nilikuta kazi imesimama kwenye faili moja tangu saa saba usiku, huku diski ikigonga bila kupumzika. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikusoma maelezo ya amri hiyo hadi mwisho. Robocopy isipoelekezwa vinginevyo hurudia kuisoma faili iliyoshindikana mara milioni moja, na kila baada ya jaribio husubiri sekunde 30, muda ambao ukijumlishwa ni karibu mwaka mzima. Kwa diski isiyo na hitilafu huo ni uvumilivu unaofaa, lakini kwa diski inayokufa ni mateso, kwa sababu kila jaribio linaiongezea uchovu. Niliianzisha upya kwa maelekezo ya kujaribu mara mbili tu, kwa kusubiri sekunde tano, kisha iendelee mbele.

Iliendelea vizuri hadi alasiri, umeme ulipokatika mtaa mzima. Betri ya kompyuta ya zamani ilikufa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo ilizimika palepale katikati ya kuandika. Umeme uliporudi usiku nilirudia amri ileile, nayo ikamaliza ikiniripotia kwamba faili moja tu imeshindikana. Ilikuwa ni ileile ya usiku uliotangulia.

Jumanne

Leo ilikuwa zamu ya programu, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Programu haihami kama picha au barua inavyohama. Inaposakinishwa hujigawa: sehemu moja hukaa katika folda ya programu, nyingine katika AppData, ambayo kwa kawaida imefichwa, na nyingine huandikwa katika rejista, yaani daftari ambamo Windows hutunza habari za kila programu na namna inavyotakiwa kufanya kazi. Ukinakili folda pekee, aghalabu unapata mwili usio na roho. Kwa hiyo nilisakinisha kila programu upya, na kutoka kwenye AppData nikachukua tu vitu nilivyovitengeneza mwenyewe, kama vile alamisho za kivinjari.

Data ya intaneti nchini Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Kwa sababu hiyo sipakui kitu mara mbili. Kila faili ya kusakinishia niliipakua mara moja, nikaiweka katika folda yake kwenye diski ya nje ikiwa na jina la toleo, ili hata walimu wenzangu waweze kuitumia.

Programu moja iligoma kabisa, nayo ni ile ya kukokotoa alama za wanafunzi iliyoandikwa enzi za DOS, mfumo wa kuandika amri uliotangulia Windows. Windows 7 yangu ilikuwa ya biti 32 (biti hapa ni kipimo cha data ambayo kompyuta hushughulikia kwa mkupuo mmoja) na bado iliweza kuiendesha, ilhali Windows 11 iliyo katika kompyuta mpya ipo kwa biti 64 pekee, na mifumo ya biti 64 haipokei programu za biti 16 kama hiyo. Nilisakinisha DOSBox, ambayo huiga kompyuta ya zamani ndani ya mpya, na alama za miaka yote zikafunguka. Kuchapisha moja kwa moja kutoka humo bado hakujawezekana, na sitapoteza muda mwingi juu ya jambo hilo kwa sasa.

Alhamisi

Faili kuwa na jina sahihi na ukubwa sahihi si ushahidi kwamba yaliyomo ni yaleyale. Kwa ajili ya rekodi nilitumia certutil, amri ambayo imo katika mifumo yote miwili, kuhesabu alama ya SHA-256 ya kila faili, yaani mfuatano wa tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo na unaobadilika yakibadilika hata kidogo, katika kompyuta ya zamani na katika ile mpya, kisha nikalinganisha orodha mbili. Mwanzoni hakuna hata mstari mmoja uliofanana, na moyo wangu ulishtuka, hadi nilipogundua kwamba certutil ya Windows 7 huweka nafasi kati ya kila tarakimu mbili na ile ya Windows 11 haiweki. Nilipoziondoa nafasi hizo, faili mbili tu zilitofautiana, na zote mbili ndizo zilizokuwa zikiandikwa umeme ulipokatika. Ukubwa wake ulikuwa kamili kabisa, lakini ndani zilikuwa zimeharibika. Nilizinakili tena, nazo sasa zinalingana.

Ilibaki ile moja. Ni kipande cha rekodi ya mzee aliyekuwa mlinzi wa treni za mizigo, na kwa namna nilivyorekodi, megabaiti moja ni takriban sekunde sita za sauti. Audacity mpya, ambayo tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 huhifadhi mradi wote katika faili moja ya .aup3, iliufungua mradi ule wa zamani na kuniuliza kama iweke ukimya mahali pa kipande kilichokosekana. Nilisikiliza. Mzee anataja vituo vya reli kwa mpangilio wa safari, anasema Tororo, anasema Nagongera, halafu kimya, halafu Jinja.

Jumamosi

Nilikumbuka kwamba baada ya mazungumzo yale niliichomea familia yake rekodi nzima kwenye sidii. Binti yake aliitoa kabatini ikiwa ndani ya bahasha ileile niliyompa baba yake. "Chukua, Mwalimu," aliniambia, "lakini uirudishe, maana sauti nyingine ya baba hatuna." Kompyuta mpya haina mahali pa kuingiza sidii, kwa hiyo fundi aliniazima kisomeo cha kuchomeka kwa waya. Sidii huwa na sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kiwango kilekile nilichorekodia, na kipande kilikaa mahali pake bila kuhitaji kugeuzwa. Katika zile sekunde sita mzee anataja vituo vidogo vyote hadi Busembatia, haraka, kama mtu anayesoma kutoka dirishani.

Jioni nimeirudisha sidii pamoja na flashi yenye rekodi hiyo nzima. Miradi tisa imekwisha kuhifadhiwa kama .aup3 na kutolewa pia kama WAV, faili ya kawaida ya sauti, bado 34. Kompyuta ya zamani nimeizima, nimeichomoa waya, nayo itakaa kabatini hadi wa mwisho ukamilike.