Jinsi nilivyoacha "kuchelewa" kwenye gemu ya gitaa
Wiki tatu nzima gemu iliniandikia nimechelewa, hata nilipokuwa na hakika kidole kimegusa uzi kwa wakati. Nikaanza kuamini sina sikio la muziki, na hilo liliniuma sana. Kumbe shida ilikuwa hedifoni za Bluetooth! Sauti yake hufika sikioni ikiwa imekawia, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, kwa hiyo nilikuwa nafuata mdundo uliokwisha kupita. Nikachomeka hedifoni za waya kwenye kompyuta, nikawasha hali ya gemu kwenye televisheni ili picha nayo isikawie, kisha nikalinganisha upya sauti na picha kwenye mipangilio. Jioni ileile noti zikaanza kukubaliwa, mfululizo.